Runx ya 2003 nataka niiuze, nina laki 9 mkononi. Nitengeneze nini kwanza, au iende hivyo hivyo?

#1 Mjomba_Tabata (mleta mada)

Wakuu habari za Jumapili.

Nina Toyota Runx ya 2003, injini 1NZ, otomatiki, namba C. Nipo nayo mwaka wa sita sasa, Tabata–Kurasini kila siku, na Pasaka tunaenda nayo Korogwe. Familia imeongezeka, nataka niiuze nijazie nichukue ya siti saba. Madalali wawili wameshaiona: mmoja kasema milioni 7, mwingine 6 na nusu "maana ina vikelele".

Hali yake naiweka wazi. Ukisimama kwenye taa gia ikiwa D inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza, ukirudisha N inatulia. Taa ya cheki injini inawaka, inakaa siku mbili inazima, inarudi tena. Foleni ya Tazara mchana na AC imewashwa, mshale wa joto unapita nusu kidogo, ukianza kutembea unashuka. Mbele kushoto inagonga ko ko ko kwenye barabara mbovu. Zaidi ya hapo gia zinaingia vizuri, oili haipungui, AC inapuliza baridi.

Nina laki 9 tu. Sitaki kumuuzia mtu bomu, ila pia sitaki kumtengenezea mtu gari kwa hela yangu halafu yeye ndiye afaidi. Nianzie wapi?

#2 Siti_ya_Dirishani

Naweka kambi hapa. Nina Allex, pacha wa Runx, ugonjwa ni huo huo mmoja mmoja. Waje wataalamu.

#3 Bei_Maongezi

Mkuu mimi nauza magari tangu yanaingia namba A. Usiguse kitu. Peleka ikaoshwe ndani na nje, piga polishi, nunua kava za siti, paka tairi dawa nyeusi, piga picha saa kumi na moja jioni jua likiwa limelala. Mnunuzi ananunua kwa macho. Hiyo laki 9 ukiizika kwenye vyuma hutaiona tena.

Na fundi wa mnunuzi hata ukimpelekea gari iliyotoka melini jana atapata tu cha kusema. Kalipwa ili aseme.

#4 Kijiti_cha_Oili

#3 utatuletea kesi. Mleta mada msikilize huyo kwenye picha za jioni tu, pengine kote mkwepe.

Mtetemo wa D unaotulia ukiweka N, naanzia kwenye maunting, ile mipira inayoshikilia injini kwenye bodi. Ya upande wa kulia, pale kwenye mkanda, ina mafuta ndani yake. Ikipasuka unakuta pametapakaa weusi kama lami. Kuipima ni bure: fungua boneti, vuta hendibreki, mtu akanyage breki kwa nguvu, aingize D, arudi R, wewe umesimama pembeni (SIO MBELE) unaangalia. Injini ikinyanyuka kama inataka kutoka, umeshapata jibu. Mpya ya kawaida pale Gerezani haifiki laki, ya mtumba inacheza elfu 40 ila unabahatisha.

Kugonga mbele kushoto nakuwekea dau ni stabilaiza linki, kile kijifimbo cha kwenye miguu ya mbele. Jozi moja, nusu saa, imekwisha. Fundi akikwambia ubadilishe shokapu zote nne kabla hajalala chini ya gari, hama gereji.

#5 Nyaya_Tupu

Heshima yako #4 lakini maunting haiwashi cheki injini. Hapo kuna silinda inakosa moto. Injini ikikimbia kwa silinda tatu lazima itetemeke, na kwenye D ndiyo inaonekana zaidi kwa sababu ina mzigo.

Usinunue hata bolti kabla hujapima kwa mashine. Ikisoma kosa P0301 mpaka P0304, namba ya mwisho ndiyo silinda yenye shida. 1NZ ina koili nne (ndizo zinazoipa plagi umeme), kila plagi na yake. Unahamisha koili ya silinda inayolalamika unaiweka kwa jirani, unafuta kosa, unatembea. Kosa likihama na koili, koili ni mbovu. Likibaki palepale, rudi kwenye plagi, kisha nozeli inayopuliza mafuta. Kazi ya dakika kumi na spana namba 10, na hujatoa senti.

#6 Siti_ya_Dirishani

Spana namba 10 ndiyo hiyo ambayo kila fundi Tanzania hii ameipoteza?

#7 Kijiti_cha_Oili

😂 Ninazo tano, zote zipo ndani ya magari ya watu.

#8 Mjomba_Tabata

Asanteni. Kuna kitu sikukisema pale juu, naona nikiseme tu. Cheki injini ilianza wiki ile niliyopeleka gari kuoshwa injini. Nilisema nianze maandalizi ya kuuza mapema. Vijana wakapiga kwa ile mashine ya presha, injini ikang'aa, nikaondoka nayo ikikohoa mpaka nyumbani.

#9 Nyaya_Tupu

Haya, mgonjwa kaongea.

Juu ya injini kuna vishimo vinne vinavyokaa plagi, koili zinaziba kwa juu na mpira. Mpira ukishazeeka maji ya presha yanapita, yanakaa mule chini. Moto badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi unapita kwenye maji unakimbilia chuma. Ukichomoa koili utakuta imepiga kutu au ina mstari mweupe kama ufa. Injini ya gari la mwaka 2003 inafutwa kwa kitambaa na brashi.

#10 Mkia_wa_Chui

Siyo lazima yawe maji. Runx na Allex za umri huo, gasketi ya kava ya juu inakuwa ngumu kama plastiki, oili inashuka kwenye hivyo hivyo vishimo. Yangu nilichomoa koili ya nne ikatoka inachuruzika kama imechovywa kwenye sufuria ya maandazi. Sikuosha injini mimi. Gasketi mpya, nikafuta vishimo, imekwisha. Kuosha ni bahati mbaya tu iliyoangukia wiki hiyo hiyo.

#11 Kijiti_cha_Oili

Na mimi bado nipo kwenye maunting. Mleta mada hakusema mtetemo ulianza lini, kasema cheki injini ilianza lini. Vinaweza kuwa viwili tofauti. Mjomba, mtetemo ulikuwepo kabla ya kuosha?

#12 Mjomba_Tabata

Mke wangu anasema ulikuwepo. Mimi nasema haukuwepo.

#13 Babu_Kabureta

Mwamini mke.

#14 Chumvi_Bahari

Salaam kutoka Unguja. Nyie wa bara mnahangaika na koili, huku kwetu gari ya 2003 kwanza unaipiga magoti ukaitazame chini. Chumvi ishakula. Miye niliuza Vitz yangu mwaka juzi, injini safi kabisa, mnunuzi kaleta fundi wake kachukua bisibisi kadunga pale chini ya mlango, bisibisi ikazama mpaka mpini. Biashara khalas.

Mleta mada kama gari haijakaa pwani-pwani una bahati. Lakini kainue zulia la buti pale inapokaa tairi ya akiba, tazama kama maji yanakaa.

#15 Mama_Pacha_Moro

Nimeingia kusoma tu lakini #3 amenikumbusha mbali, acha niandike kwa niaba ya wanaonunua "kwa macho".

Nilinunua Raum Dar, kwa mtu aliyejitambulisha kama mwenye gari, kumbe dalali. Gari imepigwa rangi, kava za siti zina nailoni, ndani inanukia ubani. Injini kimya kama friji. Tangazo lilisema "ni kuwasha na kuondoka". Kweli niliwasha na kuondoka, nikafika Bwawani. Hapo ukaanza moshi wa bluu, nikafikiri ni lori la mbele, lori likakata kushoto moshi ukabaki wangu. Nimefika Morogoro usiku, asubuhi fundi kafungua nati ya chini, oili ikawa haidondoki, inashuka pole pole kama asali. Akaipima katikati ya vidole akaniuliza, "Dada, waliokuuzia walikwambia wamechanganya na nini humu?" Walijaza oili nzito pamoja na ile dawa ya kuziba, ili isitoe moshi wala kelele kwa siku moja ya kujaribu.

Simu ya muuzaji haipatikani mpaka leo. Injini ya mtumba niliyofunga ilinigharimu kuliko ada ya mapacha wote wawili.

Mjomba, ukitengeneza hivyo vitu vinne ulivyovitaja, halafu ukamwambia mtu ukweli na risiti zikiwepo, mimi ningekuongeza hela bila kubembelezwa.

#16 Bei_Maongezi

Dada pole sana, lakini huyo ni tapeli, sisi wengine tunafanya kazi kwa jina. Sijasema aweke dawa. Nimesema asitengeneze. Kutokutengeneza na kuficha ni vitu viwili. Anauza 6.8, anasema "ina mtetemo, ina mlio", mtu anachukua anatengeneza mwenyewe kwa fundi wake anayemwamini. Hapo bomu liko wapi?

#17 Nyaya_Tupu

Bomu lipo pale ambapo ukisema "ina mtetemo kidogo", mnunuzi anasikia "gia boksi imekufa" na anakata milioni nzima. Kitu cha laki mbili kisichojulikana kina bei ya milioni. Kikishajulikana kinarudi kuwa cha laki mbili.

Halafu kuna wale wa kuchomoa waya wa betri asubuhi mnunuzi anakuja ili cheki injini izime. Mwenye mashine akichomeka ataona vipimo vya ndani vya gari bado havijakamilika, atajua makosa yamefutwa hivi karibuni. Mimi nikiona hivyo narudisha funguo, sihitaji kujua mengine.

#18 Mtu_wa_Grogan

Niko Nairobi. Hapa gari ya 2003 huwezi kuagiza tena kutoka Japani, sheria ni miaka minane, kwa hivyo zilizoko zinazunguka tu kati yetu, kila mtu anamuuzia mwenzake matatizo yake. Wanunuzi wameerevuka. Siku hizi mtu anasema tukutane AA, chama cha wenye magari, wakague, na anataka kuona kuhamisha umiliki kwenye eCitizen kabla hajatoa pesa.

Niliuza Allion yangu yenye injini hiyo hiyo. Nilichofanya: linki, bushi za mkono wa chini, pedi za mbele, plagi, na nikaosha throtoli (mlango wa hewa ya injini) kwa dawa yake. Ule mtetemo wa kusimama ulipungua nusu kwa hiyo throtoli peke yake. Ilikuwa imejaa masizi, hewa haipiti sawasawa injini ikiwa haikanyagwi. Kabla ya kununua maunting jaribu hiyo, dawa ni bei ya chakula cha mchana.

#19 Mkia_wa_Chui

#18 throtoli za umeme ukishazisafisha zingine zinapandisha mzunguko wa injini mpaka zijifunze upya. Asije akaosha leo na mnunuzi anakuja kesho.

#20 Dereva_wa_Zamani

Wote mmekimbilia mtetemo, hakuna aliyegusa joto. Gari linalochemka ndilo linaloua biashara. Toa thamostati tu, kile kizibo kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, maji yazunguke moja kwa moja, tumefanya hivyo miaka yote kwenye Hiace.

#21 Kijiti_cha_Oili

Hapana mzee wangu, hapana. Ukitoa thamostati injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi ya Njombe siku nzima, inamwaga mafuta, halafu inawasha cheki injini nyingine, P0128. Utakuwa umemtibu mafua ukampa malaria.

Sikilizeni dalili yenyewe: inapanda foleni, inashuka ikitembea. Gari likitembea upepo unapita wenyewe, likisimama linategemea feni. Thamostati ikinata haichagui foleni, ingemchemshia Chalinze kwenye mwendo. Kwa hiyo ni moja kati ya haya: feni inazunguka kivivu, au katikati ya rejeta na ile ya AC pamejaa takataka, au kifuniko cha rejeta kimechoka. Kifuniko watu wanakidharau. Kazi yake ni kushikilia presha, na maji yaliyo kwenye presha yanachemka zaidi ya nyuzi 100. Mpira wake ukiisha yanachemka mapema na kusukumwa kwenye kopo.

Umejaza nini mule, maji ya bomba au kulanti?

#22 Mjomba_Tabata

...maji ya bomba. Nimeangalia leo, yana rangi ya chai ya rangi.

#23 Babu_Kabureta

Ya tangawizi au ya kawaida?

#24 Chumvi_Bahari

Hiyo kutu ishaanza. Mwaga, suuza mpaka yatoke meupe, tia kulanti. Usimtie mtu gari yenye chai.

#25 Hedi_Imepinda

Msimtishe lakini pia msimfariji. Kabla ya kulanti aangalie kama hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, ni nzima. Asubuhi gari baridi kabisa, afungue kifuniko cha rejeta, awashe, aangalie kama kuna mapovu yanakuja mfululizo. Abonyeze hozi ya juu, ikiwa ngumu kabla injini haijapata moto, kuna gesi inavuja ndani. Afungue na kifuniko cha oili, akikuta uji mweupe chini yake, basi maji na oili vimekutana.

#26 Mkia_wa_Chui

Nakurekebisha hapo kwenye uji. Magari ya safari fupi-fupi, na hasa ya huku kwetu Makete kwenye baridi, unakuta uji kidogo kwenye kifuniko bila hedi kuwa na shida. Ni unyevu tu. Uangalie kijiti cha oili, kama na chenyewe kina maziwa ndipo ulie.

#27 Kaka_IST

Hizi kero zote za nini, ungenunua IST.

#28 Siti_ya_Dirishani

IST ya 1500 na Runx ya 1NZ injini ni moja, kaka. Unaringia bodi.

#29 Kaka_IST

Runx zinakula oili, kila mtu anajua.

#30 Nyaya_Tupu

Zinazosemwa kwa kula oili ni za 1800, zenye 1ZZ. Zile za mwanzo ringi zake zilikuwa na tatizo linalojulikana. Ya mleta mada ni 1500. Ni vizuri akaandika kabisa kwenye tangazo kwamba ni 1NZ, wanunuzi wengi wamesikia habari nusu kama wewe. Na ana cheni, siyo mkanda wa timing, akiambiwa na fundi abadilishe mkanda wa timing acheke aondoke.

#31 Mjomba_Tabata

Mrejesho wa kwanza.

Nimepima Jumatano. P0304. Mapovu hakuna, kijiti cha oili safi. Fundi amechomoa koili ya nne: kishimo kina oili NA kutu. Kwa hiyo #9 na #10 mgawane. Kanibadilishia gasketi ya kava 25,000, plagi nne 60,000, koili moja ya mtumba 45,000, kupima 30,000, ufundi 40,000. Laki mbili kamili. Cheki injini imezima siku ya nne leo. Mtetemo umepungua sana, haujaisha.

#32 Nyaya_Tupu

Alihamisha koili kwanza akaona kosa linahama?

#33 Mjomba_Tabata

Hapana, alibadilisha vyote kwa pamoja.

#34 Nyaya_Tupu

Sasa hutajua kamwe ilikuwa nini. Huenda koili yako ilikuwa nzima na umeacha elfu 45 kwenye meza ya watu. Umeirudisha nyumbani ile ya zamani?

#35 Mjomba_Tabata

Nimeiacha kule.

#36 Babu_Kabureta

Wiki ijayo Siti_ya_Dirishani atauziwa hiyo koili kama mtumba wa Dubai.

#37 Siti_ya_Dirishani

Mzee usiniombee mabaya, kweli nina miadi gereji Jumanne.

#38 Gia_ya_Tatu

Huo mtetemo uliobaki angalia oili ya gia. Vuta kijiti injini ikiwa ya moto na inawaka, pangusa kwenye tishu nyeupe. Ikiwa nyekundu sawa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, badilisha, weka oili ya gia aina ya T-IV.

#39 Dereva_wa_Zamani

Hapo nakataa. Gia boksi ya miaka yote hiyo haijawahi kubadilishwa oili, ukibadilisha leo kesho haishiki. Nimeona kwa macho yangu, Noah mbili na Carina moja. Ule uchafu ndio unaosaidia kushika.

#40 Gia_ya_Tatu

Hizo Noah zilikuwa zimeshaanza kuteleza, ndiyo maana zikapelekwa kubadilishwa oili. Zilikuwa zinakufa zenyewe, oili mpya ikapewa kesi. Mimi yangu nilibadilisha ikiwa na zaidi ya laki mbili kwenye odometa, natembea mwaka wa tatu.

#41 Dereva_wa_Zamani

Yako moja, zangu tatu.

#42 Kijiti_cha_Oili

Kwa gari la kuuza, kama gia zinaingia vizuri na rangi si mbaya, aache palivyo. Nyie wawili fungueni uzi wenu.

Mjomba, maunting?

#43 Mwanasheria_wa_Mtaa

Samahani naingilia mafundi. Kadi ya gari ina jina la nani?

#44 Mjomba_Tabata

Ya mwenye kwanza. Sikuwahi kuhamisha.

#45 Mwanasheria_wa_Mtaa

Miaka sita!

Hiyo ndiyo mtetemo wako mkubwa mkuu. Mnunuzi makini akiona jina siyo lako anaanza kukuuliza kitambulisho cha mwenyewe, mkataba wa mauziano, yuko wapi, yuko hai. Mtafute wiki hii akiwa bado anapokea simu, mkamalize TRA. Kuna ada ya kuhamisha na ushuru wa stempu, lakini afadhali ulipe kuliko kumwambia mtu "kadi haina shida, ni ya rafiki yangu". Na uangalie deni la faini za trafiki kwenye mfumo wao wa mtandaoni, usijekuta kuna za mwendokasi za Pasaka zote sita.

#46 Bei_Maongezi

Kwa hili #45 nampigia saluti. Kadi yenye jina la muuzaji inauza kuliko rimu mpya.

#47 Mtu_wa_Grogan

Huku kwetu pia hiyo ndiyo inavunja biashara nyingi. Mwenye jina amehamia Kitale, simu imebadilika, na wewe umesimama na gari inayong'aa.

#48 Mama_Pacha_Moro

Na vitu vidogo jamani. Wipa zifute, honi ilie, taa ya namba ya nyuma iwake, jeki na spana ya tairi viwepo, trianguli, mtungi wa moto. Hivyo vyote havifiki laki na vinasema mwenye gari alikuwa mtu wa namna gani.

#49 Mjomba_Tabata

Mrejesho wa pili, na huenda wa mwisho.

Maunting ya kulia ilikuwa imepasuka, weusi umetapakaa kama #4 alivyosema. Mpya 85,000. Linki jozi 40,000, kelele ya kushoto imekufa kabisa, nimepita barabara ya mtaani kwetu mara tatu kwa raha tu. Kifuniko cha rejeta 15,000, kulanti 32,000, ufundi 50,000. Feni nzima. Ila katikati ya rejeta na ile ya AC kulikuwa na majani, manyoya ya kuku na nusu ya stika ya Nenda kwa Usalama. Kijana katoa kwa maji ya taratibu (nimesimama pale pale, mashine ya presha nimeikataza). Foleni ya Tazara mshale umekaa chini ya nusu, sijui ni kifuniko, kulanti au yale manyoya.

Jumla na ile ya mwanzo ni laki 4 na elfu 22. Kadi tumehamisha, mzee wa kwanza yuko Kibaha, alinipokea na chai.

Mtetemo: bila AC haupo. Ukiwasha AC gia ikiwa D, kioo bado kinacheza kwa mbali.

Jumamosi akaja mnunuzi na mdogo wake. Nilimwachia gari ikiwa baridi awashe mwenyewe. Tukazunguka mpaka Kinyerezi. Nikampa risiti zote, nikamwambia na huo mtetemo wa AC. Hakuuliza hata swali moja juu yake. Alichuchumaa kwenye tairi ya nyuma akasoma zile namba nne ubavuni, 1116, akamwambia mdogo wake "wiki ya 11, mwaka 2016". Akafungua buti, tairi ya akiba haina upepo. Tulianzia 8, tukatua 7.4. Ameacha kianzio, analeta iliyobaki mwisho wa mwezi.

#50 Bei_Maongezi

Dalali wa kwanza alikwambia 7 bila kutengeneza chochote. Umetoa laki 4 na 22 umepata nyongeza ya laki 4. Umepata hasara ya elfu 22 na wiki mbili za gereji. Nilisema #3.

#51 Nyaya_Tupu

Ile 7 ilikuwa ya dalali mdomoni, mwenzake alisema 6 na nusu. Ukihesabu kutoka 6 na nusu kapata faida ya karibu laki 5. Na cha juu cha dalali hujakitoa.

#52 Mwanasheria_wa_Mtaa

Na kadi je? Msinisahau.

#53 Kijiti_cha_Oili

Mjomba hongera. Ule uliobaki wa AC ni maunting ya chini ya gia boksi, nakuwekea dau. Ukibadilisha moja mpya, zile nzee zinaonekana.

#54 Mtu_wa_Grogan

Throtoli. Hajaosha throtoli. Nimesema tangu #18.

#55 Gia_ya_Tatu

Oili ya gia.

#56 Kaka_IST

Kompresa ya AC nzito. IST yangu hata haijui kama AC imewashwa.

#57 Mama_Pacha_Moro

Mjomba, mwambie mnunuzi ajiunge humu aendelee na uzi.

#58 Siti_ya_Dirishani

Wakuu nimerudi kutoka gereji na Allex, nimebadilisha koili na maunting, bado inatetemeka kwenye D. Nijaribu nini?

#59 Babu_Kabureta

Kaoshe injini.